Ndoo ya Mashaka

Jumatatu, 2 Machi

Daftari hili limekuja ndani ya gunia la taka. Limetumika ukurasa mmoja tu: hesabu nne, zote zimekosewa. Nimeuchana ukurasa huo, kurasa zilizobaki nimezichukua mimi. Mvua zimeanza leo. Nitaandika mpaka zikatike au mpaka daftari liishe.

Nianze na kazi, maana sina kingine cha kujivunia. Karakana yetu inageuza taka za plastiki kuwa mbao. Si mbao za mti. Ni vipande virefu, vyeusi na vizito, ambavyo mchwa havili wala maji hayaviozeshi. Plastiki inatufikia imechanganyika: madumu, vifuniko, mabeseni yaliyopasuka, viti vilivyovunjika, na vitu ambavyo hata mwenyewe akiviona hatavikumbuka. Mama mmoja anaosha. Tunamwita Redio kwa sababu hazimwi. Mimi nachambua. Shemeji, mume wa mdogo wangu, anayeyusha na kugandamiza kwenye kalibu, chuma kinachoipa mbao umbo.

Kipande kikinitatiza, nakata kijisehemu, nakishika kwa koleo, nakiwasha, nakizima, nanusa moshi wake. Kikinuka mshumaa, ni safi. Kikikamata koo, huyo tunamwita Mkali, na Mkali haingii tanurini hata punje. Akiingia, moshi wake ni sumu na mbao yake inavunjika kama biskuti. Kipande ambacho pua haijakiamua kinakwenda kwenye ndoo nyekundu, ndoo ya mashaka, na hakitumiki. Zamu yangu ndoo hiyo huwa tupu. Shemeji akiita toka tanurini, "Pua, inasemaje?" mimi najibu "Safi!" na yeye anamimina. Miaka minne sasa. Jina nililopewa na wazazi karakana imeshalisahau.

Jumatano, 4 Machi

Mwalimu ametuita wote. Ndiye mwenye karakana. Alifundisha kemia mpaka akastaafu, na bado anatembea kama anasimamia mtihani. Tumepata kazi kubwa. Kile kivuko cha miguu kwenye mfereji mkubwa, tunachopitia kwenda zahanati, miti yake imeoza. Mbao mpya zitatoka kwetu, mia moja na ishirini, na ziwe tayari kabla mfereji haujajaa.

Shemeji akasema, "Mwalimu, mimi mikono ipo. Muulize mwenye pua."

Nikasema pua ipo. Nilijisikia mkubwa, siwezi kukataa.

Jumamosi, 7 Machi

Homa na mafua. Nimelala, karakana inatumia nilichokwisha kuchambua.

Jumanne, 10 Machi

Bado. Mdogo wangu ananilisha kama mtoto. Tunaishi pamoja, wao chumba kimoja, mimi kingine, tangu mume wangu alipofariki. Huwa namwona mdogo wangu mkaidi na mwepesi wa maneno. Nikiwa mgonjwa namwona malaika.

Jumamosi, 14 Machi

Nimerudi kazini. Pua imeziba kidogo. Itafunguka.

Jumanne, 17 Machi

Nimeachiwa maziwa jikoni niyaangalie. Nimekaa hatua mbili kutoka jikoni, nikishona kifungo, yakachemka, yakamwagika, yakaungua mpaka sufuria ikawa nyeusi. Mdogo wangu akaingia mbio kutoka uani.

"Dada! Husikii harufu?"

"Nilikuwa nawaza," nikamjibu.

Akaniangalia. "Unawaza nini mpaka nyumba nzima inanuka?"

Nikamwambia aache kelele, ni maziwa tu. Alipotoka nikaichukua ile sufuria nikaiweka usoni. Hakuna kitu. Nikanusa sabuni, nikanusa mafuta ya taa, nikanusa kiatu changu. Hakuna kitu. Pua haijaziba, hewa inapita vizuri kabisa. Inapita ikiwa haina chochote ndani yake.

Nimeogopa.

Jumatano, 18 Machi

Kazini. Nimewasha kijisehemu cha kwanza, nikakisogeza karibu kuliko kawaida. Moshi umewasha macho. Nikawasha cha dumu, ambacho nakijua kwa macho kuwa ni safi. Na chenyewe kimewasha macho. Kila kitu kinawasha.

"Pua, inasemaje?"

Tanuri limeshapata moto, kalibu iko wazi, watu wanne wananitazama.

"Safi!"

Leo nimekisia.

Alhamisi, 19 Machi

Nimekisia. Kinachotambulika kwa macho nakitoa: mabomba, maganda ya nyaya, soli za viatu. Taabu ni vile vipande vidogo vilivyokwisha kusagika.

Ijumaa, 20 Machi

Nimekisia.

Jumatatu, 23 Machi

Mwisho wa wiki nzima nimejipanga: Jumatatu namwambia Mwalimu, liwalo na liwe. Nisiponusa nitarudishwa kuosha na Redio, nilikoanzia, mikono ndani ya maji machafu toka asubuhi mpaka jioni. Bora hivyo, nikajiambia. Nikapiga moyo konde.

Nimemkuta amesimama karibu na mashine ya kusaga, inanguruma. Nikamwambia, "Mwalimu, nina tatizo. Tangu ile homa, sisikii."

"Eti?"

"Sisikii! Sisikii kabisa!"

Akanishika mkono, akanipeleka ofisini, akafunga mlango. Akatoa kwenye saraka ya meza yake kikopo cha vizibo vya masikio.

"Nilijua," akasema, tena kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. "Hii mashine itatumaliza masikio! Pole sana! Sikio lipi, hili au yote mawili?"

Nilikuwa nimefungua kinywa niseme harufu. Neno moja tu. Harufu, Mwalimu, harufu ndiyo sisikii. Lakini yeye alikuwa ananitazama kwa huruma, na kikopo mkononi, na mimi nikaona mlango umefunguka mahali ambapo sikutegemea.

"Yote mawili," nikasema.

Mungu anisamehe.

Jumanne, 24 Machi

Meza yangu imehamishiwa dirishani, mbali na mashine. Pana mwanga, pana upepo. Ni mahali nilipopaomba mwaka mzima nikakataliwa. Kila mtu ananipigia kelele. Redio kaniuliza kama nataka chai kwa sauti ambayo majirani wawili wameitikia kwamba wanataka.

Shemeji hapigi tena kelele toka tanurini. Ananijia, anasimama mbele yangu, anagusa pua yake na kuinua nyusi. Inasemaje? Mimi nainua kidole gumba. Anacheka, anarudi kumimina.

Nimekisia.

Jumatano, 25 Machi

Mvua. Nimekisia.

Ijumaa, 27 Machi

Nyumbani nimesahau kwamba ni kiziwi. Mdogo wangu amenong'ona kitu na mumewe, nami nikajibu. Wote wawili wakageuka.

"Kumbe nyumbani unasikia?" akauliza mdogo wangu.

"Kuna saa masikio yanafunguka," nikasema. Uongo ukishaanza haukosi majibu. Akaendelea kuchambua mboga, lakini alikuwa ananichambua mimi.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua. Mbao arobaini za mwanzo zimekwenda kupigiliwa kivukoni. Kila moja ina tarehe yake imegongwa kwa nyundo kwenye ncha. Watu wamezisifu. Mimi nikatazama tarehe.

Nimekisia.

Alhamisi, 2 Aprili

Ukiwa kiziwi unasikia mengi.

Nimeinama mezani, mgongo kwao. Shemeji amekuja kwenye beseni la Redio kunawa uso. Akakohoa, kikohozi kirefu cha chini. Nyumbani pia amekuwa akikohoa, akisema ni unyevu.

"Hicho kifua kaonyeshe watu," Redio akamwambia.

"Ni moshi. Juzi na leo ulikuwa unakata koo kabisa. Mpaka nikasema, huu ni Mkali."

"Sasa si umwambie shemeji yako?"

"Nimwambie nini? Pua yangu na pua yake wapi na wapi? Akisema safi, basi ni safi. Mimi nimezoea moshi, labda ndiyo umri." Akakohoa tena. "Halafu ndiye aliyeniletea kazi hii. Masikio ndiyo hayo yamekwenda. Nianze tena kumtilia mashaka pua? Si nitakuwa nimemmaliza."

Anaisikia harufu. Yeye mwenyewe anaisikia, na ananiamini mimi nisiyesikia.

Nilikaa na koleo mkononi nikashindwa kugeuka.

Ijumaa, 3 Aprili

Leo kila kilichonitatiza nimekitupa kwenye ndoo ya mashaka. Kufika saa sita ikawa imejaa, ikafurika. Tanuri likakaa na moto bila chakula. Mwalimu akaja, akaitazama ndoo, akanitazama mimi, akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, maana amechoka kupiga kelele: MFEREJI UMEFIKA NUSU. KUNA NINI?

Kalamu ilikuwa pale pale. Ningeweza kuandika neno moja chini ya lake.

Nimeandika: NIMECHOKA KIDOGO. Kisha mchana nikaimwaga ndoo mezani nikaanza upya. Nimekisia. Najichukia.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimekisia.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua toka alfajiri. Shemeji ameacha chakula katikati, amesema koo linauma. Kesho nasema. Kesho kwa hakika.

Alhamisi, 9 Aprili

Jana sikuandika. Nitaandika leo, yote, na nikiruka kitu nitakuwa nimejidanganya tena.

Jana asubuhi nilitoka nyumbani nikiwa na sentensi yangu kinywani: harufu, Mwalimu, si sauti. Nimeirudia njia nzima. Nimefika, Mwalimu hayupo, amekwenda kivukoni kusimamia. Nikasema nitamngoja. Na wakati namngoja, gunia likawa mbele yangu, na Shemeji akaja, akagusa pua, akainua nyusi. Macho yake yalikuwa mekundu.

Niliinua kidole gumba.

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyenishika mkono. Siku niliyokuwa nimeamua kusema, bado nilikiinua, kwa sababu kilishazoea kuinuka.

Upepo wa mvua ulikuwa unarudisha moshi chini kupitia bomba. Redio ndiye wa kwanza kupiga kelele. Nilipogeuka, banda la tanuri lilikuwa jeupe, na ndani ya ule weupe Shemeji alikuwa anagandamiza, maana ukiiacha plastiki kwenye kalibu bila kugandamiza mbao imeharibika. Alikuwa anaokoa mbao. Redio alimvuta mguu, mimi nikamvuta mkono, tukamtoa kwenye mvua. Alikuwa anataka kukohoa na kikohozi hakitoki. Midomo imebadilika rangi. Redio alikuwa analia kwamba moshi unamchoma pua, unamchoma pua, na mimi nilikuwa nimesimama ndani ya moshi ule ule na kitu pekee nilichokihisi ni machozi.

Kwenda zahanati ni kupitia kivukoni. Tukambeba kwenye turubai. Mafundi wakaacha nyundo wakatupisha. Nilipita juu ya mbao zangu nikiwa nimeshika pembe ya turubai, nikiomba zisivunjike, nikijua ni kwa nini naomba. Mojawapo ililia chini ya mguu wangu. Zahanati wakampa hewa ya mtungi, wakampakia kwenye gari, wakampeleka hospitali kubwa.

Mwalimu, aliyetuona tukipita kivukoni, alifuata hospitali kwa miguu, akafika ameloa. Mdogo wangu alishafika, ameketi kwenye benchi na viatu vya mumewe mapajani. Nikasimama mbele yao wote wawili.

"Mwalimu, siku ile nilipokwambia sisikii, ilikuwa harufu. Masikio yangu ni mazima. Sisikii harufu tangu nilipougua. Wiki tatu nimekuwa nakisia."

Mdogo wangu ndiye aliyesema, polepole, bila kuinua macho.

"Tangu maziwa?"

"Tangu maziwa."

"Nilikuuliza. Siku ile nilikuuliza, dada."

Akanyanyuka, akachukua viatu vya mumewe, akahamia benchi la mbali.

Mwalimu akanitoa nje barazani. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Akauliza, "Unajua waya wa shaba?"

"Waya gani?"

"Waya wowote. Wa redio mbovu. Unaupasha moto mpaka uwe mwekundu, unaugusisha kwenye plastiki, unaurudisha motoni. Akiwa Mkali, moto unageuka kijani. Kijani cha majani, mtoto mdogo anakiona. Nimefundisha jambo hilo miaka thelathini. Waya uko kwenye saraka ile ile niliyotoa vizibo." Akajifuta maji usoni. "Hatukuutumia kwa sababu pua yako ni ya haraka. Ungesema tu, ingekuwa kazi ya dakika tano."

Dakika tano.

Kisha akasema, "Na wewe ulisema. Ulisema sisikii, nami nikasikia nilichokuwa nakitegemea. Hilo ni langu."

Hakusema kwamba mengine ni yangu. Hakukuwa na haja.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimempelekea Mwalimu daftari hili. Nilimwonyesha kila siku iliyoandikwa nimekisia, na zile ambazo sikuandika, tangu niliporudi kazini mpaka nane Aprili. Alizinakili tarehe, kisha akasoma na mengine, mbele yangu, ukurasa kwa ukurasa. Niliona haya mpaka miguuni.

"Unasema natembea kama nasimamia mtihani."

"Ndiyo, Mwalimu."

Akafunga daftari akanirudishia. "Haya. Twende tukang'oe mbao."

Jumamosi, 11 Aprili

Mvua kubwa. Tumeng'oa kivukoni kila mbao yenye tarehe zangu. Redio aliangusha moja kutoka begani, ikafika chini vipande vitatu. Watu waliokuwa wanangoja kuvuka waliona. Mama mmoja, mwanawe mgongoni, akauliza, "Hizi ndizo tungekanyaga?"

Nilipaswa kumjibu mimi. Akavua viatu akapita majini, maji yakamfika kiunoni.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimerudi kwenye beseni. Nimeomba mwenyewe. Redio sasa ndiye anayepima kwa waya, na kila moto ukiwa kijani anatangaza mpaka barabarani.

Wengine wamezoea hata hawawezi kuacha: bado wananipigia kelele. Sijamrekebisha hata mmoja.

Ijumaa, 17 Aprili

Shemeji anapumua bila mtungi. Daktari anasema mapafu yatapona kiasi. Kuhusu sauti, hajui.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua. Mdogo wangu ananipakulia, anaweka sahani mlangoni mwangu, anaondoka. Chumvi imezidi, au haipo, siwezi kujua. Nakula.

Jumatatu, 27 Aprili

Mfereji umejaa. Watu wanabebana. Mbao mpya, zilizopimwa, ni sabini na moja.

Jumanne, 28 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 2 Mei

Shemeji ametoka hospitali. Yule mtu aliyekuwa akiita toka tanurini sauti ikapita juu ya mashine, sasa ananong'ona. Anataka maji, ananong'ona. Ameudhika, ananong'ona. Mkewe anainama kumsikiliza. Mimi nimekaa chumbani kwangu nikisikia kila neno kupitia ukuta, na masikio haya mazima nimeyaona ni adhabu.

Ijumaa, 8 Mei

Kivuko kimekamilika leo. Sikutaka kwenda. Mwalimu alinitumia mtu niende. Nikaenda, nikavuka mara moja, nikarudi.

Mvua inapungua.

Jumatatu, 11 Mei

Shemeji amekuja karakana asubuhi. Tanurini haruhusiwi tena, maisha yake yote. Mwalimu amempa kazi ya kupokea magunia langoni. Mdogo wangu alimsindikiza, akasimama pale pale nje ya lango na chupa ya dawa mkononi. Hajasema nami tangu lile benchi.

Mashine ya kusaga ilikuwa bado haijawashwa. Shemeji alifungua gunia la kwanza, akainama, akatoa kipande kimoja, cheupe, kimevunjika pande zote, hakikuwa chombo chochote tena. Akakitazama. Kisha akavuka ua mpaka kwenye beseni langu, polepole, akapumzika mara moja njiani. Redio akaacha kuongea.

Akaninyooshea kile kipande.

"Pua," akanong'ona. Hakuna aliyeniita hivyo kwa mwezi mzima. "Inasemaje?"

Nilikipokea. Mkono ulianza wenyewe kukipeleka usoni, nikauzuia.

"Sijui, shemeji," nikasema. "Sisikii harufu. Sijui."

Aliitikia kwa kichwa. Alikaa kidogo akikusanya pumzi, na mimi nikainama ili asijichoshe.

"Si ungesema hivyo tu," akaninong'oneza, bila hasira yoyote, jinsi mtu anavyokuuliza umeweka wapi funguo. Laiti angenipiga kofi.

Nilitembea nikakitupa kile kipande kwenye ndoo nyekundu. Ilikuwa imefika nusu. Nilipogeuka, mdogo wangu alikuwa bado yuko langoni, ananitazama.